Aanze Mdogo

Nahashon alikuwa mwalimu, na mtu haachi kuwa mwalimu kwa sababu tu amepanda ndege. Huko Kisii alifundisha kemia na fizikia kwa miaka mingi, katika shule ya wavulana ambako wanafunzi sitini walijibana kwenye madawati ya thelathini, na alipoingia mlangoni na chaki mkononi darasa zima lilinyamaza. Walimwogopa kidogo, walimheshimu sana, na mitihani waliipita. Kwa hiyo alipokata shauri kuwasomesha watoto wake watatu mwenyewe, mezani, katika fleti yao ya New Hope, Minnesota, huko Marekani, hakuiona kazi. Kama sitini hawakumtoa jasho, watatu wangemwanzia wapi?

Walimwanzia asubuhi ya kwanza. Rodney, wa miaka kumi na minne, alikuja mezani kofia ya sweta imemfunika hadi puani, akitaka kujua kwa nini asome chumba kimoja na mtoto anayejifunza rangi za upinde wa mvua. Valentina, wa miaka sita, mapengo mawili mbele, alikaa kitini kidogo tu, na sehemu kubwa ya somo akaisikiliza akiwa chini ya meza. Katikati yao aliketi Noela, wa miaka kumi, mgongo umenyooka, penseli imechongwa, macho kwa baba. Na Noela ndiye aliyekuwa sababu ya mambo yote haya.

Noela alikuwa haongei shuleni. Tuelewane: kuongea alijua. Nyumbani aliweza kubishana na Rodney juu ya rimoti mpaka mama yao akaichukua na kuiweka juu ya friji. Lakini tangu darasa la pili, akivuka tu mlango wa shule, mdomo ulifungwa kama umeshonwa. Walimu walidhani hajui Kiingereza, wakamweka pamoja na watoto waliofika Minnesota juzi, ilhali lugha iliyokuwa ikimkwaza ni Kiswahili. Walipogundua kwamba anasoma vitabu vya watoto waliomzidi umri, wakakuna vichwa. Mwishowe wakawaita wazazi, wakawaeleza kwa upole, na upole huo ndio uliouma, kwamba huenda Noela akafaa zaidi darasa la pekee, la watoto wenye shida ya kusema, mbali kidogo, ambako angepelekwa kwa basi maalumu la watoto hao.

Kemunto, mama yao, ni muuguzi, si mtu wa kulia ovyo. Siku hiyo alilia ndani ya gari, palepale kwenye maegesho ya shule, mkanda umeshafungwa na ufunguo haujatiwa.

"Nipe mwaka mmoja," Nahashon alimwambia. "Nitamsomesha mimi."

Kemunto alifuta machozi, akaweka sharti lake. Mwezi wa tatu mtaalamu wa usemi angemwona Noela. Akisema, Septemba atarudi darasani na wenzake. Asiposema, atapanda lile basi. "Mimi sitaficha mtoto kwa nyumba milele, Baba Rodney," alisema. "Tukishindwa, tukubali tumeshindwa."

Basi Nahashon akajifunga kibwebwe. Kazi yake ya kulipwa ilikuwa ya wikendi, katika nyumba moja ya Saint Louis Park wanamotunzwa watu wazima wenye ulemavu, hivyo Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa wa watoto. Alipigilia ubao mweupe ukutani. Alinunua kengele ya mkono. Kila asubuhi aliipiga kwa nguvu, watoto wakiwa wamekaa mbele yake tayari, kisha akaita majina ya watu watatu ambao alikuwa anawaona wote. Aliyejibu swali alisimama kwanza. Alifundisha kwa Kiswahili na Kiingereza vikichanganyika, nao wakamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao. Hapa tunawanukuu kwa lugha yetu.

Sayansi ndilo lililokuwa somo lake la roho, na ndilo lililomtesa zaidi, maana aliligawa mara tatu. Alianza na Rodney na atomu zake, wale wengine wawili wakinakili. Akaja kwa Noela, maji na mvuke, wawili wakinakili. Akamaliza na Valentina, vitu vyenye uhai na visivyo na uhai, na Valentina akashikilia kwamba jokofu lina uhai kwa sababu linanguruma. Kufikia saa sita sauti ilikuwa imemkauka. Alikuwa amefundisha shule nzima asubuhi moja, na hakuna aliyetoka na kitu. Kilichofana ni kuimbisha tu. "Maji yakiganda?" aliuliza, akigonga ubao. "Yanatanuka!" waliitikia. Valentina ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, kwa kuwa alipenda kupaza sauti, na kutanuka ni nini hakujua wala hakujali.

Noela, akiulizwa swali peke yake, alisimama kama alivyofundishwa. Alitazama ubao. Midomo ikacheza. Nahashon alimngoja kidogo, kidogo sana, kwa sababu katika darasa la sitini mwalimu hana muda wa kumngoja mmoja, kisha akasema maneno aliyoyasema maisha yake yote: "Kaa chini. Mwingine?"

Noela akakaa. Nahashon hakuyasema kwa hasira. Kusema kweli aliona anamwokoa mtoto asiendelee kusimama pale na aibu yake. Na kengele ya mapumziko ikilia tu, mtoto huyohuyo alikuwa jikoni akimfokea mdogo wake kwa kumaliza siagi.

Kila jioni Kemunto aliporudi, kabla hata ya kuvua viatu vya theluji, aliuliza swali lilelile. "Ameongea darasani?"

"Anaandika vizuri sana," Nahashon alijibu.

"Sijauliza kuandika, Mwalimu."

Januari ilipoingia, Nahashon alikuwa na hofu asiyomwambia mtu. Zamani kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwanawe alikuwa bubu. Sasa pamekuwa pawili, na pa pili ni mezani pake.

Sasa, Jumatatu ya sikukuu ya Januari, zamu ya kupokea ushirika, yaani maombi na chakula cha pamoja, ilikuwa ya nyumba yao. Familia za Kisii huzungukana hivyo, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, na anayepokea hupika kana kwamba wageni hawajala tangu Krismasi. Kemunto alipika tangu Jumapili. Friji ikajaa nyama ya mbuzi, kachumbari na sufuria ya chinsaga, zile mboga za kwao, aliyoilinda kama mtoto mchanga. Soda zikakosa pa kukaa.

Nahashon hakuona tatizo. Kama Mkenya mwingine yeyote katika jengo lile, roshani yake wakati wa baridi ilikuwa friji ya pili. Alishaweka huko maziwa, pilau iliyobaki, hata keki ya harusi ya mtu, na kila kitu kilirudi ndani salama. Akatoa katoni za soda asubuhi, akaipanga mikebe kwa rangi, nyeusi upande huu, ya machungwa upande ule, akafunga mlango wa kioo. Alichosahau ni kwamba vitu vile vyote alivitoa kwa saa moja au mbili. Siku hiyo redio ilikuwa inawasihi watu wasitoke nje pua wazi, na wageni wetu, kama tunavyojijua, walichelewa.

Walipofika na kujazana sebuleni, Gilbert ndiye aliyeombwa kubariki chakula. Gilbert ni rafiki yake Nahashon wa siku nyingi, anayeendesha gari kutoka Lakeville na kuombea kila kitu alichokipita njiani. Aliombea wagonjwa. Aliombea wanaosafiri. Alikuwa ndio kwanza anafika kwa wanaongojea makaratasi ya uhamiaji, wali unapoa, mlio mkubwa ukasikika kutoka upande wa roshani. Pwaa. Macho yakafumbuka. Pwaa ya pili, na ya tatu ikafuata.

"Risasi," mtu mmoja alisema, na sebule nzima ya watu wazima wenye suti na vilemba ikalala kifudifudi juu ya zulia. Gilbert aliruka nyuma ya kochi bila kusema amina. Aliyebaki amesimama ni Rodney, karibu na mlango wa kioo.

"Baba," alisema, "ni soda."

Ilikuwa soda kweli. Mikebe ilikuwa imepasuka matumbo, mingine imeruka kutoka ilipopangwa, na barafu ya kahawia na ya machungwa imepaka kioo, reli na viti viwili vya plastiki. Watu waliinuka wakijikung'uta. Gilbert alichungulia kutoka nyuma ya kochi, akaitazama roshani, kisha akamtazama mwenye nyumba.

"Mwalimu, hebu nikumbushe," alisema. "Kule Kisii ulikuwa unafundisha nini? Ni Dini?"

Nyumba ikaangua kicheko kilichodumu mpaka chai ikaletwa badala ya soda. Nahashon naye alicheka, uso ukimwaka moto. Maji yakiganda yanatanuka: maneno hayo alikuwa ameyaandika ubaoni mara zisizohesabika, na kuchora chupa yenye ufa pembeni. Lakini aliyaandika mahali ambapo barafu pekee ilikuwa ile ya friji ya maabara, umeme ukiwapo. Aliyajua kama mtu anavyojua wimbo wa kanisani, maneno yote na beti zote, bila kufikiri anasema nini.

Kesho yake asubuhi hakukuwa na kengele. Wote wanne walikuwa kwenye roshani, wamevaa makoti, wakikwangua. Valentina alionja ya machungwa akakatazwa. Noela aliokota mkebe ambao haukupasuka, akausimamisha sakafuni. Ukayumba, ukaanguka. Kitako chake kilikuwa kimetokeza nje.

"Hivi kweli hakuna aliyeona?" Nahashon alisema, hakumwuliza mtu, alikuwa anajisemea tu huku akikwangua kwa mwiko wa ugali.

"Mimi niliona," Noela alisema.

Nahashon aligeuka. "Uliona nini?"

"Mikebe. Kabla wageni hawajaja. Ilikuwa imevimba chini, haisimami sawa."

"Mbona hukuniambia?"

Noela aliendelea kukwangua. "Sikuwa na uhakika," alisema. "Ningekosea, ungeniambia kaa chini."

Hakusema kwa kumlaumu. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda dukani. Nahashon alibaki na mwiko wake mkononi, pumzi inatoka moshi. Jana alichekwa na watu wazima zaidi ya ishirini, na aibu ile ilikuwa imekwisha kabla ya sahani kuoshwa. Hii ilikuwa nyingine, ilimwingia hadi mifupani. Mtoto alikuwa ameona kwa macho yake, mapema, jambo ambalo mwalimu wa fizikia hakuliona. Na alilinyamazia kwa sababu alikuwa amefundishwa vizuri sana.

Waliporudi ndani, Nahashon alichukua kengele akaifungia kabatini pamoja na taa za Krismasi. Badala ya kusimama ubaoni alivuta kiti akakaa mezani, goti lake likagusana na la Rodney. Akaweka mkebe uliopasuka katikati.

"Leo sifundishi," alisema. "Huu mkebe umepasuka. Kila mtu aseme anavyodhani ni kwa nini. Hakuna kusimama, na hakuna kuambiwa akae, maana tumekaa wote." Akafikiri kidogo. Mkubwa akianza, pale mezani au popote kwao, mdogo huachiwa makombo. Akiongea Rodney kwanza, Noela atasema nini? Akiongea baba kwanza, nani atasema chochote? "Aanze mdogo," alisema. "Kisha anayemfuata. Mimi wa mwisho."

Valentina hakuhitaji kubembelezwa. "Soda ilisikia baridi ikakasirika," alisema.

Rodney alicheka, akakatwa jicho na baba yake. Ikawa zamu ya Noela. Midomo ikacheza. Nahashon alihisi yale maneno yanampanda kooni yenyewe, kama kikohozi, akayameza. Akaikalia mikono yake. Hita ikaunguruma, ikazima. Nje gari la kuondoa theluji lilipita, likaenda hadi mwisho wa mtaa, likarudi. Hakuna mtu aliyewahi kumngoja mtoto yule muda mrefu hivyo, na Nahashon alijua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi.

"Barafu ni kubwa kuliko maji," Noela alisema, kwa sauti ya kunong'ona, akiutazama mkebe. "Ilikosa nafasi."

"Kwa nini ni kubwa?" Valentina akamwuliza.

Wote wakamgeukia Rodney, ambaye alifungua mdomo kwa madaha ya mkubwa wa nyumba, akagundua kwamba hajui. Tangu vuli alikuwa amenakili kurasa na kurasa za chembechembe za maji, na sasa hakuweza kumweleza mtoto wa miaka sita. Akavua kofia, akaomba karatasi. Ilimchukua siku nzima kutafuta na kuchora, mpaka akapata namna: aliwashikisha wadogo zake mikono, wakabanana katikati ya sebule kama maji, kisha akawaambia wanyooshe mikono bila kuachana, kama barafu, na Valentina akagonga meza kwa mgongo. Ndipo akaelewa kutanuka ni nini. Noela, kwa upande wake, alijaza chupa za plastiki, akachora mstari maji yalipofika, akazitoa nje, akapima yalivyopanda. Kitu kimoja mezani kikawatosha wote watatu, kila mmoja akala saizi yake. Nahashon alilala usingizi mzuri siku hiyo, na sauti yake haikumkauka.

Haikuwa rahisi kila siku. Kulikuwa na asubuhi ambazo zamu ya Noela ilipita kimya, ikawabidi wamrudie. Lakini Februari palitokea jambo moja ambalo Nahashon hulisimulia mpaka leo bila kuulizwa. Alileta chupa mbili za maji. Moja wangeitundika kwenye reli ya roshani, wazi. Nyingine wangeifukia kwenye rundo la theluji nyuma ya jengo. Swali ni ipi itaganda kwanza.

"Ya kwenye theluji," Valentina alisema. "Theluji ni baridi."

"Ya nje," Noela alisema.

Rodney alikuwa upande wa Valentina, na kwa mara ya kwanza hakuona haya. Baba, wa mwisho, naye hakuwa na shaka. Theluji ni barafu, na chupa itakuwa imezungukwa na barafu pande zote. Mtu yeyote aliyezaliwa kwenye jua angesema hivyo. Alisema ikiganda ya nje kwanza ataosha vyombo wiki nzima.

"Hapana, Baba," Noela alisema.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hapana pale mezani, na akaendelea. "Mimi na Valentina tulichimba shimo kwenye lile rundo tukaingia. Ndani hakuna baridi kama nje. Upepo haufiki. Theluji inafunika, kama blanketi."

Walipokwenda kuzitazama baadaye, chupa ya kwenye reli ilikuwa imeota barafu nene pande zote. Ile ya kwenye theluji waliifukua, Noela akaitikisa karibu na sikio la baba yake. Ilikuwa maji matupu. Kemunto alirudi kazini akamkuta mumewe kwenye sinki, povu hadi viwikoni.

"Umefanya nini tena?" aliuliza.

"Nimefeli fizikia," Nahashon alisema, na Kemunto hakumbuki ni lini alimwona na furaha kama ile.

Alimsikiliza Noela akimsimulia yote, mwanzo hadi mwisho, akafurahi, lakini yeye ni muuguzi, hasemi mtu amepona kabla ya kupima. "Kwa nyumba amekuwa akiongea tangu zamani," alimwambia Nahashon watoto walipoondoka. "Mimi nangoja nione kwa mgeni."

Mwezi wa tatu ukafika, theluji ikawa matope kandokando ya barabara. Walikwenda wote watano, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia watoto. Rodney na Valentina waliachwa kwenye viti vya korido, na wengine wakaingia kwa mtaalamu. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Lindgren, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo, na chumba chake kilikuwa na vikaragosi vingi mno. Alimwuliza Noela jina lake. Kimya. Akamwonyesha picha za wanyama. Kimya. Akamwuliza anapenda kufanya nini nyumbani. Noela alikaa kama alivyokaa shuleni miaka yote, mgongo umenyooka, midomo imebanwa. Kemunto aliukamua mkoba wake mapajani kama nguo iliyotoka majini. Nahashon alitazama sakafu, na kwa mawazo akaliona lile basi likisimama mbele ya jengo lao, mlango ukifunguka.

Bi Lindgren hakuwa mtu wa haraka. Aliweka picha kando, akatazama dirishani. "Sijui samaki wanaishije kule ziwani," alisema, kama anayejisemea. "Barafu imewafunika miezi yote hii."

Noela aliinua uso. Midomo ikacheza. Kisha akageuka akatazama mlango, na akabaki akiutazama. Bi Lindgren aliandika kitu kwenye karatasi yake. Kemunto alifumba macho.

Nahashon naye alidhani mwanzoni kwamba mtoto anataka kutoroka. Lakini alikuwa amejifunza kungoja, na katika kungoja akaona kwamba Noela hatazami mlango wa kutokea. Anamtafuta mtu.

"Samahani," alisema, akajikuta amenyoosha mkono. "Hawezi kuanza. Mdogo hayupo."

Bi Lindgren hakuelewa. Nahashon akamweleza, akijikwaakwaa, kwamba kwao mezani anaanza mdogo, kisha anayefuata, na Noela hapendi kuruka zamu ya mtu. Alitegemea kuchekwa. Bi Lindgren alivaa miwani, akamtazama Noela, akasema, "Basi aitwe."

Valentina aliingia na biskuti mkononi, akaelezwa swali, akalitafakari huku akitafuna. "Wanabana pumzi," alisema.

"Hapana," Noela alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya jikoni, ile ya rimoti. Na bila mtu kumwambia, akasimama. Alisema barafu haizami, inaelea, inakaa juu ya ziwa kama blanketi, kwa hiyo maji ya chini hayagandi. Alisema hewa iliingia majini kabla ya barafu, na samaki wanaitumia kidogo kidogo, kwa sababu kwenye baridi hawakimbiikimbii. Alisema wao walijaribu kwa soda, lakini haikuwa kwa kupenda. Bi Lindgren akacheka, akauliza juu ya soda, akajibiwa. Akauliza juu ya theluji, akajibiwa zaidi ya alivyouliza. Kalamu aliiweka chini zamani.

Kemunto aliuachia mkoba. Alishusha pumzi ndefu hivi, ungedhani aliivuta siku ile kwenye maegesho ya shule na hakuwa ameitoa mpaka leo, kisha machozi yakaja, safari hii akiwa anacheka. Bi Lindgren alimsogezea karatasi za kupangusia. Alisema haoni sababu ya darasa la pekee wala ya basi. Septemba Noela ataingia na wenzake, na yeye mwenyewe ataongea na mwalimu wake juu ya kungoja. Neno hilo alilirudia, kungoja, akamgeukia Nahashon.

"Na wewe, bwana? Una la kuongeza kuhusu samaki?"

"Bado," Noela akasema. "Rodney hajasema."

Rodney aliitwa kutoka korido. Alivua kofia, akasema mimea ya chini ya barafu nayo huongeza hewa ikipata mwanga, theluji isipokuwa nene mno, akatazama viatu vyake, akamaliza. Sasa kweli ilikuwa zamu ya baba. Wote wakamtazama, mke, watoto na mwenye ofisi.

Nahashon alisimama, kwa mazoea tu. Aliyajua maji na barafu tangu ujana wake, lakini watoto wake walikuwa wameyasema yote, hawakumwachia hata kombo. Alifungua mdomo. Midomo ikacheza, sauti isitoke. Alisimama hivyo mbele yao, mwalimu mzima, machozi yakimlenga, na hakuna aliyemharakisha.

Noela alimngoja muda wa kutosha. Kisha akanyoosha mkono, akamshika kwenye ukingo wa koti.

"Kaa chini, Baba," alimwambia, kwa Kiswahili, polepole. "Umefanya vizuri."

Nahashon akakaa.